Riwaya za Australia kwa Kipolandi: rafu moja iliyopimwa kitabu kwa kitabu

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma riwaya za waandishi wa Australia katika tafsiri ya Kipolandi. Si kwamba Kiingereza kinanishinda. Kipolandi nilijifunzia Łódź, mji ambao tangu miaka ya 1950 umekuwa ukiwafundisha lugha wanafunzi wa kigeni kabla ya kuwatawanya katika vyuo vya nchi nzima, na lugha hiyo ilikwisha kuanza kupata kutu kwa kukosa matumizi, ilhali mtu mzima hawezi kuendelea kusoma vitabu vya sarufi hadi uzeeni. Riwaya pendwa ni dawa nzuri ya kutu hiyo, kwa kuwa kisa chake kinamvuta msomaji hata pale msamiati unapomkwaza. Hapa nitavipima vitabu hivyo kama bidhaa ambayo msomaji anainunua kwa fedha yake: kipi kinasomeka vizuri kwa Kipolandi, kipi kimepoteza kitu njiani, na kipi ningemshauri mtu akiache dukani.

Kuhusu bei sina malalamiko makubwa. Nakala mpya ya jalada laini inakaribia zloti 50, lakini karibu vyote nitakavyovitaja nimevipata kwa zloti 10 hadi 20 katika antykwariat, yaani duka la vitabu vya mitumba, na duka la namna hiyo halikosekani katika mji wowote wa Poland wenye chuo kikuu.

Kabla ya kuingia katika vitabu vyenyewe, ni vema ieleweke kwamba msomaji wa Kipolandi haiendei Australia akiwa mgeni kabisa. Wapolandi wengi waliokulia katika nusu ya pili ya karne ya 20 walifika huko utotoni kupitia riwaya ya Alfred Szklarski, Tomek w krainie kangurów, iliyotoka mwaka 1957, ambamo mvulana wa Warszawa anafuatana na baba yake katika msafara wa kukamata wanyama. (Kitabu kilichofuata kinampeleka Tomek Afrika Mashariki, naye anaanzia Mombasa, msomaji wa Kiswahili atakisoma akiwa amekunja uso, kwa maana bara letu linaelezwa humo kwa jicho la zama zake.) Tena mlima mrefu kuliko yote katika bara la Australia, wenye mita 2,228, unaitwa Kosciuszko kwa sababu msafiri wa Kipolandi, Paweł Edmund Strzelecki, aliupa mwaka 1840 jina la shujaa wa taifa lake. Kwa hiyo kangaruu, mikaratusi na neno busz, ambalo Kipolandi kimelichukua kama lilivyo kwa maana ya pori la nchi hiyo, havimpi mfasiri shida kubwa. Mtihani wake uko mahali pengine, na mara nyingi uko katika mambo madogo ya sarufi.

Nianze na kitabu ambacho wengi wanakijua: Ptaki ciernistych krzewów cha Colleen McCullough, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1977. Mwandishi alikuwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi katika chuo kikuu cha Yale nchini Marekani, na haki za toleo la jalada laini ziliuzwa kwa dola milioni 1.9, kiasi ambacho wakati ule kilikuwa rekodi. Kisa kinaanza mwaka 1915 huko New Zealand, kinahamia Drogheda, shamba kubwa la kondoo katika jimbo la New South Wales, na kinaendelea hadi mwaka 1969, kikifuata ukoo wa Cleary na hasa mapenzi ya Meggie kwa padri Ralph de Bricassart, ambaye moyo wake umegawanyika kati ya mwanamke huyo na cheo cha ukardinali.

Jina la Kipolandi lina maana ya ndege wa vichaka vya miiba, na neno lililochaguliwa kwa mwiba, cierń, si la kawaida ya kila siku. Mwiba wa waridi unaomchoma mtu bustanini huitwa kolec. Cierń ni wa maandiko, ni ule wa taji alilovikwa Yesu. Katika nchi ya Kikatoliki kama Poland, riwaya inayohusu padri aliyevunja nadhiri inabeba uzito wa ibada tangu kwenye jalada, uzito ambao jina la Kiingereza linaugusa kwa mbali tu. Nadhani hii ni mojawapo ya sababu zinazokifanya kitabu hiki kisomeke kwa Kipolandi kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa nchi hiyo.

Jambo la pili linahusu namna watu wanavyoitana. Kiingereza kina neno moja tu, you, kwa mtoto, kwa mume na kwa askofu. Kipolandi hakikubali uvivu huo: kuna ty kwa watu wa karibu, kuna pan na pani kwa wa heshima, na padri ana namna yake peke yake ya kusemeshwa. Kwa hiyo mfasiri wa kisa cha msichana anayemjua padri tangu utotoni, kisha akampenda akiwa mtu mzima, analazimika kuamua ni katika ukurasa upi, na kwa sentensi ipi, heshima ile inadondoka. Sisi tunaojua tofauti kati ya kumwamkia mtu shikamoo na kumwambia mambo vipi hatuhitaji kuelezwa uzito wa uamuzi huo, na nakiri kwamba nilizisoma kurasa za Meggie na Ralph kwa kuvizia viambishi vya vitenzi zaidi ya kuvizia busu. Mtu aliyekwisha kusoma kitabu hiki kwa Kiingereza atapata kwa Kipolandi kisa kilekile kikiwa na ngazi moja zaidi ya hisia.

Udhaifu wake ni uleule wa asili. Sura za Roma zinajivuta, na Ralph anapewa uzuri wa uso mara nyingi mno. Hata hivyo, ukame, moto wa nyika na msimu wa kuwanyoa kondoo vimeandikwa na mtu aliyeijua nchi yake, na msomaji wa Kipolandi, ambaye kwake kondoo ni kundi dogo la mchungaji wa milima ya Tatra, anakutana na makumi ya maelfu ya wanyama na anabaki mdomo wazi.

Onyo moja la mnunuzi: nakala yangu ya kwanza niliiagiza mtandaoni kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja, ikafika ikiwa na pengo la kurasa 16 katikati, kunjo zima lililoruka wakati wa kushona, na yeye akajibu kwamba kitabu cha mtumba hakirudishwi. Matoleo ya zamani yafunuliwe na kuhesabiwa kurasa kabla ya kulipiwa. Jalada zuri halithibitishi lolote.

Kundi la pili la vitabu ni lile lililonifanya nianze kuandika tathmini hii, nalo ni la riwaya za Kiaustralia zinazohusu Poland na nchi jirani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtu anaweza kushangaa kwa nini nchi iliyo upande wa pili wa dunia iandike sana juu ya vita vya Ulaya. Jibu liko katika orodha za abiria wa meli. Baada ya vita Australia ilipokea wakimbizi wengi kutoka Ulaya ya kati na mashariki, na baadhi yao walipitia kwetu: Wapolandi waliotoka katika uhamisho wa Urusi ya Kisovyeti wakavuka Uajemi, waliishi tangu mwaka 1942 katika kambi kama Tengeru karibu na Arusha, na Masindi na Koja nchini Uganda, na mwaka 1950 meli iitwayo General Langfitt iliwachukua zaidi ya 1,000 kutoka Mombasa hadi Fremantle, magharibi mwa Australia. Watu wa namna hiyo walikwenda na hadithi zao, na watoto wa majirani zao wakazisikia. Zinapotafsiriwa kwa Kipolandi, hadithi hizo zinarudi zilikotoka, na huko wapo watu wanaojua mtaa upi uko wapi.

Lista Schindlera ya Thomas Keneally inavumilia marejeo hayo vizuri kuliko nyingine zote. Keneally, mzaliwa wa Sydney wa mwaka 1935, aliingia mwaka 1980 katika duka la bidhaa za ngozi huko Beverly Hills akitafuta mkoba, na mwenye duka, Leopold Pfefferberg wa Kraków, mmoja wa Wayahudi waliookolewa na Oskar Schindler, Mjerumani mwenye kiwanda huko Kraków wakati wa vita, hakumwachia aondoke bila hadithi. Kitabu kikatoka mwaka 1982 na kikapata tuzo ya Booker mwaka huohuo, huku baadhi ya watu wakibisha kama ni riwaya kweli au ni historia iliyovaa nguo za riwaya. Kwa Kipolandi kinabeba jina lililotumiwa Marekani na baadaye katika filamu ya mwaka 1993, wala si lile la Uingereza na Australia lililomlinganisha Schindler na mwenye safina. Nasikitika kidogo, kwa kuwa safina ilikuwa taswira nzito kuliko orodha.

Faida kubwa ya toleo la Kipolandi ni majina. Katika Kiingereza, mitaa ya Kraków ni sauti ngeni zilizovuliwa alama zake. Katika Kipolandi, Podgórze, Płaszów na mtaa wa Lipowa vinarudi na alama zote, na msomaji anaweza kukichukua kitabu mkononi na kutembea nacho. Nilifanya hivyo. Jengo la ofisi za kiwanda cha vyombo vya enameli, Lipowa namba 4, tangu mwaka 2010 ni makumbusho ya jiji, na uwanja uliokuwa kitovu cha kuwakusanya watu wa ghetto, yaani mtaa waliofungiwa Wayahudi, sasa unaitwa Uwanja wa Mashujaa wa Ghetto, na viti vitupu vya chuma vimesimamishwa hapo kama ukumbusho. Kitabu kinasomeka taratibu, maana Keneally anarundika mashahidi mmoja juu ya mwingine, na anayetafuta kasi ya filamu atachoka. Mimi ningekinunua hata kwa bei ya kitabu kipya.

Siwezi kusema hivyo kuhusu Tatuażysta z Auschwitz ya Heather Morris, mwandishi aliyezaliwa New Zealand na kuishi Australia. Inatokana na maisha ya Lale Sokolov, Myahudi wa Slovakia aliyelazimishwa kuwachanja wafungwa namba mikononi, akampenda Gita kambini, na baada ya vita akahamia naye Melbourne, ambako katika uzee wake alimsimulia Morris mambo yake kwa takriban miaka mitatu hadi alipofariki mwaka 2006. Toleo la Kiingereza na la Kipolandi yote yalitoka mwaka 2018 na yakauzwa sana. Mwaka huohuo, mtafiti wa makumbusho ya Auschwitz, Wanda Witek-Malicka, alichapisha uchambuzi mrefu wa makosa ya kitabu hiki: njia ya treni isiyolingana na ukweli, namba ya Gita iliyo na utata, na penisilini inayopatikana kambini mwaka 1943, wakati ambapo dawa hiyo haikuwa ya kupatikana kirahisi hata nje ya kambi. Makumbusho yalieleza kwamba hayawezi kukipendekeza kwa mtu anayetaka kuielewa historia ya kambi ile.

Watetezi wake husema kwamba ni riwaya, na riwaya ina haki ya kubuni. Nakubali haki hiyo, lakini kitabu chenyewe kinajiuza kwa kusisitiza kwamba kimejengwa juu ya hadithi ya kweli, na bidhaa ipimwe kwa kile inachojitangazia. Katika Kipolandi tatizo linakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa msomaji anaweza kupanda treni kutoka Kraków hadi mji wa Oświęcim, ambao Wajerumani waliuita Auschwitz, na kujionea. Lugha yake ni nyepesi, sentensi fupi, muda wote wa sasa, na kwa mwanafunzi wa Kipolandi wa mwaka wa pili ni zoezi zuri la kusoma. Zaidi ya zoezi sikupata kitu.

Złodziejka książek ya Markus Zusak haisimulii Poland bali mji wa kubuni karibu na München, lakini inatokana na chanzo kilekile: Zusak alizaliwa Sydney mwaka 1975, baba yake alitoka Austria na mama yake Ujerumani, na utoto wao wa vita ndio uliomlisha. Anayesimulia kisa cha Liesel, msichana anayeiba vitabu, ni kifo chenyewe. Kwa Kiingereza msimulizi huyo anaweza kukaa kurasa nyingi bila kujulikana kama ni wa kike au wa kiume. Kwa Kijerumani, lugha ya wahusika wenyewe, kifo ni cha kiume. Kwa Kipolandi śmierć ni ya kike, na katika picha za kimapokeo ni mama aliyebaki mifupa mitupu, ameshika fyekeo. Isitoshe, mtu anayesema juu ya yaliyopita hawezi kujificha: mwanamke atasema widziałam, mwanamume widziałem, ingawa wote wawili wanamaanisha niliona. Kiswahili kingemwokoa mfasiri, kwa maana niliona haina jinsia, na kifo kina ngeli yake kama kikombe na kiti. Wetu wa kutoa roho, Ziraili, anaingia mlangoni bila sarufi kumuuliza chochote. Mfasiri wa Kipolandi hana pa kukimbilia. Sitasema aliamua nini, kwani kukigundua mwenyewe katika kurasa za mwanzo ni sehemu ya thamani ya kitabu. Matusi ya Kijerumani ya mama mlezi yanapenya zaidi katika masikio ya Kipolandi, ambayo yamekwisha kuizoea lugha hiyo katika filamu nyingi za vita.

Kwa Liane Moriarty nitapita haraka, si kwa dharau, ila kwa sababu kazi zake hazihitaji utetezi wangu. Wielkie kłamstewka ni mfano wa jina lililotafsiriwa kwa ustadi: kłamstewko ni uongo uliofanywa mdogo kwa kiambishi, kama sisi tunavyotoa kijitoto kwenye mtoto, na kuuita uongo huo mdogo kuwa mkubwa kunaleta kejeli ileile ya asili kwa maneno mawili tu. Dziewięcioro nieznajomych ni zuri zaidi, kwani Kipolandi kina namba ya pekee kwa kundi lililochanganya wanaume na wanawake, na jina linakuambia muundo wa kundi la wageni tisa kabla hujafungua kitabu. Waliotangulia kutazama tamthilia za televisheni, ambazo zilihamishia visa vyote viwili California, watastaajabu kuwakuta akina mama hawa kwenye fukwe na mashule ya Australia. Ni usomaji wa safari ndefu ya basi, na ukishuka unaweza kukiacha kitini bila majuto.

Susza, yaani ukame, ya Jane Harper sikiachi kitini. Hiki ni kitabu cha upelelezi, cha kwanza cha mwandishi huyu aliyezaliwa Manchester, na kilipata tuzo ya Gold Dagger mwaka 2017. Mpelelezi Aaron Falk, ambaye kazi yake Melbourne ni makosa ya fedha, anarudi kwao Kiewarra, mji wa kubuni ambao haujapata mvua kwa miaka miwili, kumzika rafiki anayedaiwa kumuua mkewe na mtoto wao kisha kujiua. Nilikisoma Poland mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha siku ya tano mfululizo, na mwenye nyumba wangu, aliyekisoma kabla yangu, alinieleza kwamba alichopenda ni fumbo la nani aliyeua. Mimi niliyeona mto ukigeuka mchanga, na mifugo ikisimama kwenye kivuli kisichokuwepo, sikuhitaji fumbo. Harper anajua kwamba ukame huwaharibu watu polepole: deni linaongezeka, jirani anaanza kuhesabu ng'ombe wa jirani, na maneno ya zamani yaliyokuwa yamefukiwa yanafukuka pamoja na vumbi. Kipolandi chake ni kikavu inavyopasa, chenye sentensi zisizotafuta madoido. Kama mtu ana zloti za kitabu kimoja tu kutoka rafu hii, na hataki vita, nampa hiki.

Kimoja cha mwisho ni Piknik pod Wiszącą Skałą cha Joan Lindsay, cha mwaka 1967, kuhusu wanafunzi wa shule ya bweni ya wasichana wanaotoweka na mwalimu wao mwambani siku ya Valentino mwaka 1900. Kihusishi pod kinabeba maana mbili, karibu na na chini ya, hivyo jina la Kipolandi linawakalisha wasichana wale na chakula chao chini ya jiwe linaloning'inia, tishio ambalo at ya Kiingereza haina. Sura ya mwisho iliyoondolewa na wachapishaji, yenye maelezo ya kilichotokea, ilitolewa mwaka 1987 baada ya mwandishi kufariki. Ningemshauri msomaji asiitafute. Nakala yangu ni ya zloti 8, mgongo wake umegundishwa upya na mwenyewe wa zamani, na kurasa zake zote zimo.